Kigugumizi cha Baba Kaindi

Muema alikuwa fundi wa makochi, na kazi hiyo ilimfaa kwa sababu haikumlazimisha kuongea. Tangu asubuhi alijifungia ndani ya karakana ya mzee Gurmeet kule Parklands, akibandua vitambaa vilivyochakaa, akibadilisha sponji na kupigilia vitambaa vipya. Wateja waliongea na mzee mwenyewe. Muema alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, tena kile kibaya kinachofunga koo kabisa, hata anayemsikiliza akaanza kutazama chini kwa niaba yake.

Katika ploti alikopanga chumba, Waithaka, majirani walimchukulia kama mtu asiyependa maneno. Wakikutana langoni aliinua mkono, nao wakainua wao, ikaishia hapo. Zamani mkewe, Mwelu, ndiye aliyemsemea dukani, hospitalini na kwa mwenye nyumba. Lakini Mwelu alikuwa Qatar mwaka wa pili sasa, akifanya kazi za nyumba. Alipopiga simu kila Ijumaa, Muema alisema "Nipo" na "Tuko sawa", kisha akampa binti yao simu na kukaa kando awasikilize.

Binti huyo, Kaindi, alikuwa na miaka tisa. Mwezi wa tano alimwambia babake asiwe akimngoja nje ya shule. Alijua njia, alisema, na yeye si mtoto. Muema alikubali. Baadaye akaona kwamba hata wakienda dukani pamoja, Kaindi alibaki hatua kadhaa nyuma, na mwenye duka alipouliza wanataka nini, mtoto aliwahi kujibu kabla babake hajafungua mdomo. Muema hakumuuliza kitu. Alidhani amejua sababu. Binti yake alikuwa amefika umri wa kumwonea aibu.

Jumamosi moja alirudi kutoka kazini akamkuta Kaindi amekaa kitandani akiwa amevaa kofia ya sweta, ingawa kulikuwa na joto. Babake akaivua. Nyusi ya kushoto ilikuwa imevimba na kupasuka kidogo.

"Nilianguka," Kaindi akasema.

Muema alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Alipotoka kumwaga yale maji, Annah, jirani wa mlango unaofuata, alikuwa akianua nguo. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kama aseme au anyamaze.

"Baba Kaindi, usimchape huyo mtoto," akasema. "Hakuanguka. Walikuwa wanacheza kati, ule mchezo wa kumpiga mtu kwa mpira, wakamweka hapo katikati wakakataa kumtoa. Huo mpira wao ulikuwa na jiwe ndani. Huyo wa Mama Ciru ndiye mkubwa wao."

"K-k-kwa nini?"

Annah alikunja shuka mara mbili kabla ya kujibu. "Muulize mwenyewe. Mimi nisiwe wa kukwambia."

Muema aliingia ndani, akaketi kwenye stuli mbele ya binti yake. Hakuuliza. Alingoja tu, na pengine kwa sababu alizoea kungoja, Kaindi ndiye aliyechoka kwanza.

"Wanakuita Redio Mbovu, hata shuleni na dukani," akasema. "Walisema nikiongea kama wewe ndio watanichezesha."

Muema akatikisa kichwa kumwonyesha kwamba anasikia.

"Nikaongea. Mara moja tu. Wote wakacheka, na mimi pia nikacheka." Akavuta mkono wa sweta hadi vidoleni. "Wakanichezesha wiki nzima. Halafu leo wakataka tena, nikakataa. Wakasema basi sitoki katikati."

Muema alikumbuka jinsi alivyosikia kicheko cha binti yake nje siku za wiki ile, akiwa ndani akikata sukuma wiki, na jinsi kilivyomfurahisha. Alitaka kumwambia kwamba hajakasirika, lakini neno lilikwama kwenye herufi ya kwanza. Akamshika mguu tu, akakaa naye hivyo mpaka mtoto akalala na viatu.

Kesho yake, watu waliporudi kutoka kanisani, alivuka ua hadi kwa Mama Ciru. Everlyn, kwa jina lake, alikuwa amekaa mlangoni akimsuka msichana mmoja. Muema alikuwa ameyapanga maneno usiku, akaanza na jina la yule mtoto.

"Ni-nimekuja juu ya C-C-C..."

"Kuna shida? Stima imepotea kwenu?" Everlyn akauliza, vidole vikiendelea na kusuka.

"Si-si..."

"Ama ni maji? Mwambie keateka wa ploti, hata sisi hatuna."

"Ngoja nimalize."

Hayo yalitoka mazima, na yeye mwenyewe alishtuka. Everlyn akatoa mikono kwenye nywele. Muema akasema yote: mpira, jiwe, nyusi, jina walilombandika yeye, na kile walichomtaka Kaindi afanye. Yalikuwa maneno machache, lakini yalichukua dakika nyingi. Msichana aliyekuwa akisukwa aliinamisha kichwa. Watoto wawili walikuja kusimama karibu na tangi la maji, mmoja akaziba mdomo. Muema aliwaona, akaendelea.

"Ciru wangu hawezi kuweka jiwe kwa mpira," Everlyn akasema Muema alipomaliza. Kisha akatazama pembeni. "Nitamuuliza."

Jioni alimleta Ciru amemshika bega. Mtoto akaomba msamaha huku akizitazama ndara zake, Kaindi akasema ni sawa, mlango ukafungwa.

Jina lile halikusikika tena uani. Lakini wazazi waliwaonya watoto wao kwa njia yao: wasimguse huyo, babake ni mtu wa kuleta kesi. Watoto wakamtenga Kaindi, hata salamu wakamnyima. Akitoka nje, mchezo ulihamia nyuma ya ploti. Muema alimtazama akirukaruka peke yake kwenye simenti, akajiuliza kama hakulifanya jambo liwe baya zaidi. Hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Ijumaa Mwelu alipopiga, Kaindi alisukuma simu kwake. "Mwambie wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Muema akabaki na simu sikioni. Ilimchukua karibu nusu saa kumweleza yote, na Mwelu, ambaye kwa miaka kumi alikuwa akimmalizia sentensi, safari hii hakummalizia hata moja. Alipofika mahali pa kicheko cha Kaindi, alimsikia akipumua kwa shida upande ule wa pili.

"Na wewe je?" Mwelu akauliza mwishoni. "Wewe uko aje?"

"Na-nakukosa," akasema. Lilikuwa jibu la kweli la kwanza alilompa tangu aondoke.

Mwelu hajarudi bado. Amebakisha miezi saba. Siku hizi Kaindi humsubiri babake amalize kuongea dukani, hata foleni ikinung'unika. Wakati mwingine Ciru humwita nje, kama hana mwingine wa kucheza naye, na Kaindi huenda. Muema haamini sana kwamba huo ni urafiki. Husimama dirishani kidogo, kisha hurudi kuinjika chai.