Hatua ya Tatu ya Kupima Sefti

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, kwa sababu nilidhani ninaajiriwa kupiga chapa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye kituo cha wanyamapori hapa Ifakara. Mkuu wa Kituo alinitazama, akatazama cheti changu, akanikabidhi ufunguo. Mtunza ghala la silaha alikuwa amehamishwa, na hapakuwa na mwingine mwenye mwandiko unaosomeka.

"Binti, bunduki ni kama faili tu," aliniambia. "Ikitoka andika, ikirudi andika."

Alikosea sana mzee yule, lakini nilipata ajira.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Fundi Mkuu wa Silaha, Mpogoro mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Nilimwamkia shikamoo, akajibu, "Marahaba, toa kidole chako hapo!" Nilikuwa nimegusa traiga, kile kiulimi cha kufyatulia, bila hata kujua. Wiki nzima alinifundisha kupima bunduki za kuwindia kabla hazijatoka ghalani. Kwanza unafungua bolti, lile komeo la nyuma, na kuingiza kidole kidogo kwenye chemba, uhakikishe hamna risasi. Pili unaikoki iwe tayari kulia, unafunga sefti, yaani kile kichuma cha usalama unachosukuma kwa dole gumba, kisha unavuta traiga kwa nguvu na kuiachia. Isilie. Tatu unafungua sefti, kidole kikiwa mbali kabisa na traiga. Isilie tena. Mwisho unagonga kitako juu ya ubao.

Hatua ya tatu askari walikuwa wakiicheka. Bunduki isiyolia ukivuta traiga itawezaje kulia usipoigusa? Fundi Mkuu alinifungulia moja nione. Ndani ya traiga kuna vipande vidogo vilivyoshikana kwa ukingo mwembamba kama ukucha. Ukivuta traiga huku sefti ikiwa imefungwa, vinasogea kidogo, na vikikwama kwa uchafu havirudi mahali pake. Hapo pini inayogonga risasi inashikiliwa na sefti peke yake, na ukiifungua tu, bunduki inalia.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Jumamosi tulikwenda Katindiuka kulenga shabaha, madebe yakiwa yamepangwa mbele ya kichuguu, na aliyekosa mara tatu alinunua mahindi ya kuchoma kwa wote. Deo, askari mmoja Mndamba, mrefu na mwenye maneno mengi, hakuwahi kununua. Aliifuta bunduki yake kama mama anavyomfuta mtoto pua. Jumamosi zile nazikumbuka mpaka leo, na sioni haya kusema kwamba nazililia.

Msimu mmoja wa mavuno walikuja wakulima wa Idete asubuhi, wakiongozwa na Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, kisha akaanza kulima mpunga. Kiboko alikuwa amejificha kwenye matete kando ya mashamba yao na hataki kurudi mtoni.

"Mwanangu, tukikaa hapa atamaliza jaruba la tatu," alisema Mzee Masanja.

Deo naye akanihimiza. "Dada Vene, nipe hiyo bunduki. Naijua kuliko ninavyomjua mke wangu."

Nilipima hatua ya kwanza, nikapima ya pili. Kimya. Wote walikuwa wananitazama mikono. Niliandika "imepimwa" kwenye rejista, nikampa.

Kabla ya saa sita walimrudisha Deo, buti la kushoto limejaa damu. Akielekea kwenye matete alikuwa amevuta traiga mara moja kuhakikisha sefti imeshika, kama askari wote walivyozoea. Alipomwona kiboko akafungua sefti, mtutu ukiwa bado umeelekea chini, na bunduki ikalia. Vidole viwili vya mguu vilikwenda. Mzee Masanja alikuwa hatua moja tu nyuma yake.

"Hakugusa," mzee alisema mbele ya Mkuu wa Kituo. "Nimeona kwa macho yangu."

"Bunduki hailii yenyewe, mzee wangu. Huu ni uzembe wa askari."

Uzembe maana yake ilikuwa kufukuzwa kazi, na Deo alikuwa na watoto wanne. Nilikaa kimya siku tatu. Niliogopa, sina neno jingine. Nilikwenda kumwona hospitali, akanitania kwamba sasa atanunua kiatu kidogo, nikatoka nje nikalia.

Siku ya nne niliichukua bunduki ile, tupu, nikaingia nayo kwa Mkuu. Nilikoki, nikafunga sefti, nikavuta traiga.

"Si unaona? Nzima," akasema.

Niliachia traiga, nikainua kidole juu akione, kisha nikafungua sefti kwa dole gumba. Pini ikagonga. Mkuu aliruka kwenye kiti.

Fundi Mkuu aliifungua akakuta mafuta yaliyoganda, yamechanganyika na vumbi la pumba. Mafuta ya bunduki yalikuwa yametuishia, na Deo, kwa mapenzi yake, alipaka ya kupikia.

"Nani aliyeipima?" Mkuu aliuliza.

"Mimi. Niliishia hatua ya pili."

Alinisogezea karatasi na kalamu. "Basi andika mwenyewe, maana mimi mkono hautaki."

Niliandika yote. Deo alibaki kazini. Mimi nilipewa onyo na kuhamishiwa stoo ya vifaa huko Kidatu, nikakaa miaka mingi nikigawa mahema na mabuti kabla ya kurudishwa Ifakara. Mafundi vijana wanaonifuata kuniuliza kazi nawaambia ukweli: foleni mlangoni ni hatari kuliko kutu.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, afisa kijana aliyekuwa akisoma hotuba alisema nimetumikia bila doa. Nilisimama nikamkatiza.

"Samahani, mwanangu. Doa lipo. Limekaa pale mstari wa mbele, lina vidole vitatu."

Deo akainama polepole, akavua kiatu cha kushoto, akauinua mguu wake juu watu wauone, akaanza kupiga makofi peke yake.