Ufagio wa Khawaja

Tuliporudi Juba kutoka uhamishoni Uganda, miaka ya sabini, niliajiriwa kuwa msimamizi wa kiwanda kidogo cha mbao. Meneja alikuwa Mjapani aliyejifunza Kiswahili katika viwanda vya Uganda; wafanyakazi walimwita khawaja, yaani bwana mgeni. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, alipiga magoti akafagia chini ya msumeno mkubwa, polepole, kama mtu aliyepoteza sindano.

Msumeno huo uliendeshwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mkono wake ulipita karibu na meno ya msumeno kutwa nzima, ukikingwa na kipande cha chuma tu.

"Shemeji, khawaja anafagia, wewe umeshika chai!" alinitania mbele ya watu. "Kesho atakuosha na miguu."

Walicheka sana. Nikaona haya. Kwetu mkubwa hafagii huku vijana wake wamesimama. Kesho yake nikauchukua ufagio mkononi mwa Mjapani.

"Mzee, usituaibishe."

"Basi fagia wewe," akasema. "Wewe mwenyewe. Usitume mtu."

Nilifagia siku chache, kisha magoti yakachoka, na heshima yangu nayo ikachoka. Nikampa kazi ile mama aliyeuza chai langoni. Alifagia vizuri, upesi, vumbi lote likaenda nje. Mjapani alipouliza kama nimefagia, nilijibu ndiyo.

Asubuhi moja nilisikia yowe. Kile chuma cha kukinga kilikuwa kimelegea na kugeuka pembeni, na msumeno ulikuwa umechukua vidole vya mkono wa kulia wa shemeji.

Tulipotoka hospitali, Mjapani alikwenda moja kwa moja kwenye rundo la unga wa mbao nje, akalichambua kwa mikono mpaka akapata bolti iliyokuwa imeshika kile chuma. Ilikuwa imeanguka chini ya mashine, ikafagiliwa pamoja na takataka.

"Nani alifagia?"

"Yule mama wa chai."

"Yeye sikumpa kazi ya kutazama," akasema. "Nilikupa wewe."

Hakunifukuza. Aliniachia ile bolti mezani.

Shemeji sasa anakaa mtaa wa Gudele, hapa Juba. Nikimtembelea hunimiminia chai kwa mkono wa kushoto, na kila mara huilaani mashine mbovu ya khawaja. Mimi hunywa chai yake. Mashine haikuwa mbovu.