Kasuku Niliyempima kama Kuku

Leo Jumanne, ukungu haukuondoka mpaka saa tano. Nilipofungua mfuko wa ulezi, harufu ya pumba ikanirudisha nyuma ya duka la vitambaa, pale Karatu, nikiwa darasa la pili.

Mzee mwenye duka alifuga huko kasuku wadogo aliowalisha ulezi, waliopiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Baba aliniruhusu mmoja tu. Nilitaka kinda, maana tuliambiwa mkubwa hazoei mtu.

Nikachagua kama mama alivyochagua kuku mnadani: niliwapima kiganjani, nikapuliza manyoya ya tumbo, nikamshika aliye mzito.

"Huyu!"

Mzee alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Binti, huyo ni bibi, ana wajukuu! Kwani unataka mchuzi?"

Dada yangu, tuliyekuja naye, akanisukuma. "Watazame usoni, wewe. Wengine wana mistari mpaka mdomoni, wengine paji ni jeupe."

"Dada yako ana macho," mzee akasema. "Mwenye mistari ndiye kinda."

Miaka yote nimesimulia kwamba niligundua mimi. Si kweli, ni dada. Ila yule kinda wa buluu tuliyemchukua nilimwona mimi kwanza, nadhani.

Nilimbeba ndani ya sweta, kucha zikinitekenya, nikashindwa kutembea, nikakimbia.

Jioni tulikula ugali na maziwa ya mgando. Baba, aliyesema ndege asiyeliwa hana kazi, alimega tonge dogo, akamnyooshea. Kinda alinipita mimi, akampita dada, akala mkononi mwa baba.