Vitenge Juu ya Sombe

Mdogo wangu anaishi jangwani, Arizona, na kwa miaka mingi alinicheka. "Yaya, weye unaikalaka mu frigo," aliniambia, eti mimi dada yake nakaa ndani ya friji, kila aliponipigia simu nikiwa nangoja tramu Schaerbeek, huku Ubelgiji, pua inanitiririka. Yeye alikuwa na jua, tena alikuwa na mihogo nyuma ya nyumba na sombe mbichi, kisamvu cha kutwanga. Mimi nilinunua majani yaliyogandishwa. Niliona wivu, sifichi.

Alipofika kule, Wakivu, watu wa kwetu, walikuwa familia mbili. Sasa nyumba zinaota kama uyoga, na kanisa lao limebomolewa ukuta mara mbili ili watu waenee. Januari hiyo kina mama watatu walijifungua wiki moja. Jumapili watoto wangepelekwa kanisani, na mdogo wangu alikuwa ameahidi sombe kwa wote. Kwetu mzazi haahidiwi chakula halafu akaletewa maneno.

Ijumaa jioni akanipigia akilia. Redio ilikuwa imetangaza theluji. Jangwani! "Bantu bote banacheka, banasema haiwezekane. Miye naogopa. Nitavuna yote leo."

Aliye juu mngoje chini. Nilicheka kidogo, Mungu ananijua. Kisha nikamwambia majani ya leo yatakuwa yamenyauka Jumapili, na mashina yenyewe yatakufa. Afunike. Mzee Mbelgiji ninayemtunza Ganshoren, padri mstaafu aliyekaa Bukavu, kila baridi hunituma nifunike mtini wake kwa shuka kuukuu: ishikwe na vijiti, isiguse majani, ifike chini ili joto la udongo lisitoroke. Miaka yote nilidhani ni uzee.

"Nguo gani? Niko na drap mbili tu za kitanda."

"Uko na sanduku muzima ya pagne."

Kitenge cha sherehe, hasa cha mahari, ni heshima ya mwanamke. Hukaa sandukuni kimekunjwa na hakigusi vumbi.

"Pagne ya dot yangu, mu udongo? Jamais!"

Hapo nikapandwa na hasira. "Bon, acha sombe ikufe. Na Jumapili utabapikia bale bamaman ile pagne." Nikakata simu.

Jumamosi mchana nilikuwa jikoni kwa mzee, tunamenya viazi, simu ya video ikaita. Kule kulikuwa kunapambazuka. Ua wote ulikuwa mweupe, na katikati safu za vitenge, vyekundu, vya manjano, vyenye ndege na maua, vimebeba theluji. Vilizidi sanduku lake. Kina mama wa mtaa mzima walikuwa wameleta vyao, hata waliofika mwezi uliopita na begi moja.

Mdogo wangu akashika pindo la kitenge chake cha mahari, akafunua. Kijani! Nikapiga vigelegele hadi mzee akadondosha kisu. Nilipomwonyesha simu, akaisogeza karibu na macho.

"Mutini yangu haijavaa vizuri hivi," akasema.

Jumapili ikaja picha. Watoto watatu, masufuria matatu, na wanawake wamevaa vitenge vile vile, matope bado pindoni. Hakuna aliyefua. Chini yake mdogo wangu aliandika: "Yaya, frigo yako imetupikia."

Tangu siku hiyo hajanicheka. Nami, Mungu anisamehe, namkumbusha kila simu.