Anonciata Akataa Kupanda Lori

Vita vya Rwanda vilipokwisha, Wanyarwanda waliozeekea Karagwe wakaanza kurudi kwao, na vibanja vyao, yale mashamba ya migomba kijijini Kanoni, vikauzwa kama nyanya za jioni. Mtu aliyeitunza migomba yake tangu ujana alipokea bei ya mbuzi wachache, akafunga godoro, akaondoka.

Anonciata, mjane mwenye watoto watatu, aliingia Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake. Rwanda aliijua kwa kusimuliwa tu. Siku shemeji yake Polikarpi, mkubwa wa ukoo, alipowakusanya watu uani kwake baada ya misa na kutangaza kwamba lori limepatikana, wanawake walipiga vigelegele. Yeye alisimama.

"Shemeji, tukifika tutakula nini?"

Watu wakacheka. "Tutakula cha kwetu," Polikarpi akajibu. "Nyumbani ni nyumbani."

"Na kodi ya nyumba? Chumvi? Ada za watoto?"

"Mwanamke hapimi safari ya ukoo."

"Huyu ataipima."

Pembeni alikaa Rwegasira, mfanyabiashara aliyekuwa akinunua vibanja, mfuko wa pesa mapajani. Anonciata akamgeukia. "Wewe nawe, pesa zako hazitoshi hata kununua kahawa iliyo mitini. Zifunge."

Wiki hiyo aliuza mbuzi, akawaacha watoto kwa jirani yake Auleria, akapanda basi mpaka Ngara. Akavuka daraja la Rusumo, akaingia Rwanda, akafika Kibungo kwa binamu yake Mukakalisa, ambaye alikuwa ametangulia miezi kadhaa kabla na lori la kwanza. Alimkuta katika chumba kimoja na familia nyingine, pazia katikati.

Sokoni Anonciata aliuliza bei ya kila kitu na hakununua chochote, mpaka wachuuzi wakamchoka. Mkungu wa ndizi ambao Kanoni angempa mgeni bure, hapa ulikuwa mshahara wa kibarua. Mukakalisa alikuwa akipuliza moto aliposema, bila kuinua uso, "Pesa ya kibanja changu iliisha kabla mahindi hayajatoa ndevu."

"Mbona hukutuma salamu tukajua?"

"Niliona aibu."

Anonciata aliporudi Kanoni hakuwa na shaka tena. Pesa za Rwegasira zisingewafikisha kwenye mavuno ya kwanza, hata wakila mara moja kwa siku. Alimweleza Polikarpi. Polikarpi hakutaka kusikia.

"Lori linaondoka kesho. Ukibaki, usiseme una ukoo."

Neno hilo lilimchoma. Asubuhi alisimama kando ya barabara na wanawe. Mama mkwe wake, bibi Therese, alikuwa juu ya mizigo, ameelekeza uso upande mwingine. Lori liliponguruma Anonciata alipaza sauti, "Mama, nitakuja! Lakini nitakuja na chakula!"

Alilia njia nzima ya kurudi, kisha akachukua kikapu akaenda kuchuma kahawa.

Mbele ya mwenyekiti wa kijiji alipatana na Auleria: Auleria akitunze kibanja, wagawane mavuno nusu kwa nusu. Rwegasira alikuja mara mbili kuongeza bei, na mara mbili akaondoka na mfuko wake. Kahawa ilikauka, ikauzwa ushirika. Maharage yakapigwa, yakajaa magunia. Ndipo Anonciata akaondoka na wanawe na magunia yake, akabadilisha shilingi zake kuwa faranga mpakani, na Kibungo akalipia vyumba viwili mpaka msimu wa mavuno.

Bibi Therese alikuja wiki ileile kutoka kwa Polikarpi, na kifurushi chake cha nguo. Anonciata alimtandikia mkeka.

Polikarpi alichelewa zaidi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, mashavu yamebonyea. Anonciata alimwekea sahani ya maharage. Alikula mpaka akaimaliza, ndipo akauliza, "Unadhani Rwegasira atakubali kunirudishia japo nusu ya kibanja?"

"Hatakubali. Lakini hapa kuna mashamba ya kukodi. Kesho twende tukatafute." Akaichukua sahani tupu. "Ila bei nitauliza mimi, shemeji. Wewe utasimama nyuma yangu, ukinyamaza."

Polikarpi akamtazama mama yake. Bibi Therese akasema, "Umesikia?"