Mizunguko Mitano na Kipande

Oili ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma ya gari, inanuka kama yai viza, na watu wakipita karibu na gereji huziba pua. Mimi husimama. Msinicheke, lakini harufu ile ndiyo ya baba yangu, dereva wa lori huko Geita kwenye machimbo ya dhahabu, katika miaka ya hamsini, nilipokuwa binti wa miaka tisa hivi.

Mama alikuwa amefariki. Tuliishi wawili katika chumba kimoja cha kambi ya madereva, na Baba akisafiri niliachwa kwa jirani, Mama Yunisi. Siwezi kumsema vibaya. Nilikula nikashiba, nikalala kwenye mkeka safi pamoja na watoto wake sita. Ila katika nyumba ile iliyojaa kelele hakuna aliyekuwa na neno la kuniambia mimi. Jioni nilikaa kizingitini nikisikiliza malori yakipita, na yote niliyajua kwa mlio. La Baba halikuwamo.

Mwaka mmoja tajiri wake alinunua lori kuukuu. Kibati chenye namba za ekseli ya nyuma kilikuwa kimeliwa na kutu, na tajiri alitaka kujua difu lake ni la aina gani kabla ya kulipangia kazi. Baba alinieleza huku akisonga ugali. Shafti, chuma kile kirefu kinacholizungusha difu, ikizunguka mara sita kwa mzunguko mmoja wa matairi yote mawili, lori hilo lina nguvu ya kupanda. Litabeba mawe ya dhahabu kutoka shimoni hadi kinuni yanakosagwa, juu ya kilima, pale pale Geita. Ikizunguka mara tano, ni lori la mbio. Hilo litakwenda Shinyanga kubeba pamba msimu mzima, na yeye pamoja nalo.

Kesho yake akanyanyua tairi moja la nyuma, maana jeki ilikuwa moja tu. Kwa kuwa tairi la pili lilibaki chini, alisema, hili la juu lazima alizungushe mara mbili ndipo hesabu iwe sawa. Akatega magogo, akaweka gia huru, akachora alama ya chaki kwenye shafti. Mimi ndiye niliyejitolea kuhesabu.

Nikalala chali juu ya gunia. Alama nyeupe ikaanza kupita polepole. Moja. Mbili. Nilihesabu kimoyomoyo, kwa Kiswahili, kwa sababu Kisukuma kilikuwa cha nyumbani na lori lilikuwa kazi. Tatu. Nne. Tano. Kisha alama ikasogea kipande kidogo, ikasimama.

“Ngapi, Minza?”

“Sita na kidogo.”

Akaliachia tairi. Niliona miguu yake tu.

“Sita?”

“Sita, Baba.”

Mwezi mzima Baba alilala nyumbani. Nilifurahi, sitaficha. Lakini lori halikuuweza mlima; likifika katikati lilitetemeka na kuzima. Basi akawa anasimama chini, anashusha nusu ya mawe kwa mikono, anapandisha nusu iliyobaki, kisha anarudi kupakia yale aliyoyaacha. Jioni vidole vyake vilikuwa vimepasuka hata kumega tonge ilikuwa shida. Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na sikumwambia ukweli. Nilijiona mchawi.

Mwishowe klachi ikaungua. Tajiri akaagiza difu lifunguliwe, meno yakahesabiwa, na Baba akaambiwa mbele ya watu kwamba dereva asiyejua kuhesabu hadi sita arudi kuchunga ng'ombe. Alijibu kwamba kosa ni lake. Hakunitaja. Lori lilipotengenezwa tu akapelekwa Shinyanga, nami nikarudi kwa Mama Yunisi.

Kwa miaka mingi niliona aibu kwamba nilimdanganya baba yangu. Alikuwa ameshazikwa siku nilipoelewa jambo ambalo dereva yeyote angeniambia: ukishafika kwenye mlima wa kwanza, huhitaji chaki wala jeki kujua difu ulilonalo. Baba alijua tangu safari ya kwanza. Angeweza kumwendea tajiri asubuhi ile ile akasema tumekosea hesabu. Hakwenda. Alishusha mawe na kuyapakia upya, siku baada ya siku, ili jioni aje kula ugali nami. Na mimi nilidhani kwamba katika chumba kile mwenye upweke nilikuwa mimi peke yangu.