Mifuko Aliyoichagua Dada Mkubwa

Wiki mbili baada ya kumzika dada yake, Dada Mdogo alirudi kiwandani, akavaa ovaroli yake ya bluu, akakusanya nywele chini ya kofia, akaenda kusimama mbele ya mashine ya kufunga vifuniko. Hapo ndipo marehemu alipokuwa akisimama kwa miaka kumi na sita. Yeye mwenyewe miaka yote hiyo alikuwa hatua nne upande wa kushoto, kwenye mashine ya kujaza sabuni ya maji. Sasa huko kwenye kujaza waliweka mwanamke kutoka idara ya maboksi, na yeye wakamsogeza.

Jina la Dada Mdogo alipewa na wenzake, kwa sababu Dada Mkubwa alikuwepo. Alikuwa na miaka arobaini na sita, ana magoti yanayomsumbua, na bado watu wazima wenzake walikuwa wakimwita Dada Mdogo. Dada Mkubwa naye picha yake ilikuwa mapokezi, ndani ya fremu, Mfanyakazi Bora miaka mitatu mfululizo, anacheka kama mtu aliyeambiwa asicheke.

Watu walimsifu kwamba amekaza roho. Hakukaza kitu. Siku ya mazishi alikuwa akiangalia kisigino cha kiatu cha mtu aliyesimama mbele yake, kilikuwa kimeliwa upande mmoja, na ndicho alichokikumbuka zaidi ya vyote. Alirudi nyumbani, akapika, akala. Watoto wawili wa dada yake walihamia kwake na magodoro yao, naye akawapangia chumba bila kusita, kama anayepanga mizigo. Usiku alilala fofofo. Asubuhi aliamka na mwili mzito, kichwa kimejaa pamba, akaenda kazini.

Na kazini mambo yalikuwa yameharibika. Zamu ya asubuhi, iliyokuwa ikitoa chupa elfu kumi na nane bila jasho, ikashuka mpaka elfu kumi na nne, siku nyingine chini ya hapo. Msimamizi wa zamu, mwanaume mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alimwita pembeni.

"Dada, sote tunaelewa msiba ulivyo," alisema. "Lakini mkono wako umekuwa mzito. Kama unahitaji kupumzika zaidi, sema."

"Sihitaji," alijibu.

"Basi jitahidi."

Akasema atajitahidi. Maneno yale hayakumuuma, na hilo lenyewe lilimshangaza kidogo, kisha mshangao nao ukapita.

Kilichowachanganya wakubwa ni kwamba makaratasi hayakuonyesha tatizo. Kila siku msimamizi aliandika kwamba mashine imefanya kazi asilimia tisini na nne ya muda wake. Karatasi inasema tisini na nne, na ghalani chupa hazipo. Kwa hiyo akaletwa mhandisi wa vipimo, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, mwenye saa ya kuhesabia sekunde iliyoning'inia shingoni kama filimbi ya refa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kupima mashine. Sikupimi wewe."

"Hata ukinipima sawa tu," Dada Mdogo alisema.

Mhandisi akavuta kiti. Akamweleza kazi yake kwa maneno mepesi. Alitaka kujua vitu vitatu tu. Katika muda ambao mashine ilipaswa kufanya kazi, imefanya kazi dakika ngapi kweli? Ilipokuwa ikifanya kazi, ilikwenda kwa kasi iliyoundiwa, au ilikuwa ikijikokota? Na katika chupa zilizotoka, ngapi zilikuwa nzima? Unapata sehemu tatu, unazizidisha moja kwa nyingine, na hapo ndipo unaujua uwezo wa mashine, si kabla.

Siku ya kwanza alihesabu peke yake. Siku ya pili aligundua kwamba Dada Mdogo huinua mkono kuelekea kwenye kitufe kabla mashine haijasimama.

"Unajuaje?"

"Inabadilisha sauti."

"Basi hesabu na mimi."

Wakahesabu pamoja siku tatu. Msimamizi alikuwa akiandika kusimama kukubwa tu, kule kwa dakika kumi na kuendelea, kwa sababu fomu yake ilikuwa na mistari minne na ndivyo alivyoikuta. Kule kudogo, kifuniko kinakwama kwenye mfereji wa kuvishushia, unazima, unakichomoa kwa kidole, unawasha, hakuna aliyewahi kuandika. Ilikuwa kama kupangusa pua. Siku ya tatu waliandika kusimama kwa namna hiyo mara mia moja tisini na nne, kila mara sekunde ishirini na tano hivi. Jumla ni dakika themanini na moja. Zaidi ya saa nzima, imekatwakatwa vipande vidogo mpaka haionekani.

Na kasi? Mashine iliundwa kufunga chupa sitini kwa dakika. Yeye alikuwa ameirudisha mpaka arobaini na tano, kwa sababu ukiipeleka zaidi vifuniko vinajazana kwenye mfereji. Na kila chupa kumi, moja ilitoka na kifuniko kimekaa upande. Mhandisi akapiga hesabu yake mbele ya msimamizi. Hamsini na moja.

"Hamsini na moja ya nini?" msimamizi aliuliza.

"Ya mia. Mnatumia nusu ya mashine mliyonunua."

Msimamizi akamtupia jicho Dada Mdogo. Mhandisi akaliona hilo jicho.

"Nimepima na zamu ya mchana," akasema. "Wao wana arobaini na tisa. Zamu mbili, watu tofauti, tatizo lile lile."

Zamu ya mchana ilikuwa chini ya mwanaume mmoja mrefu, mtaratibu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Kobe. Miaka na miaka chupa zake zilikuwa pungufu kuliko za asubuhi, na kila mkutano wa mwezi alikuwa akipewa maneno. Watu walimtania kwamba mashine ikimwona inaingiza kichwa ndani. Alikuwa akicheka nao. Kwenye mazishi ya Dada Mkubwa alishika upande mmoja wa jeneza, kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakukubali kupokewa.

Mhandisi alimwaga mezani vifuniko vilivyokwama siku hiyo. Ukivitazama kwa haraka viko sawa. Ukivipanga, unaona havina duara kamili, vimebonyea kidogo kama yai.

"Enzi za dada yako vilikuwa vinakwama hivi?"

"Mara chache. Mara tano, sita kwa siku."

"Alikuwa anafanya nini?"

Dada Mdogo alifikiri. Alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwake miaka kumi na sita, na hakuwa na jibu.

Jibu alilipata stoo, na hakwenda kulitafuta. Alikwenda kuchukua mfuko mpya wa vifuniko. Mzee wa stoo alikuwa amekaa kwenye ngazi yake ya mbao, akamwambia achukue tu, ile ya mlangoni. Kisha akaongeza, kama mtu anayeongea na nafsi yake, "Dada yako angekuwepo asingeigusa hiyo."

"Kwa nini?"

"Si alikuwa na mchezo wake. Kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili na dakika ishirini yuko hapa, mimi hata sijamaliza kufagia. Anafungua mfuko, anaingiza mkono mpaka kwapani, anatoa konzi moja, anavibiringisha hapa sakafuni. Vikienda sawasawa, huo anauchukua. Vikiyumba, anaufunga anaurudisha. Mifuko minne mizuri anaikokota mwenyewe mpaka kwenye mashine. Nilimwambia waite wabebaji. Akasema wabebaji wanachukua ya karibu."

"Na ile mibaya?"

"Inabaki hapo hapo. Inachukuliwa mchana."

Dada Mdogo alisimama na mfuko mkononi. Ule mlundo wa mlangoni ulikuwa umeegemea ukuta, na nyuma ya ukuta huo kulikuwa na boila ya kuchemshia maji. Akaweka kiganja kwenye ukuta. Ulikuwa wa moto. Mifuko ya chini ilikuwa imebeba mingine minane juu yake, ndani ya joto hilo, wiki nzima au zaidi.

Alirudi akamalizia zamu. Alielewa vizuri alichokisikia. Dada yake hakuwa na mkono mwepesi kuliko wengine. Alikuwa na mifuko mizuri. Alitoa dakika arobaini zake kila asubuhi, hakuna aliyemwagiza, na alipokwisha kuchagua aliwaachia wenzake mabaki na kunyamaza, na Kobe akawa anasimangwa. Vyote viwili vilikuwa kweli. Dada Mdogo alisubiri kimoja kati ya hivyo kimguse, uchungu au aibu au hata hasira, akasubiri mpaka saa tisa ilipogonga. Hakuna kilichokuja. Akavua kofia, akaenda ofisini kwa mhandisi, akaeleza yote kuanzia mwanzo.

Msimamizi naye alikuwepo. Alisikiliza huku akigeuzageuza kalamu.

"Marehemu tumwache apumzike," alisema. "Tuandike kwamba vifuniko vinaletwa vibovu. Inatosha."

"Havijaletwa vibovu," Dada Mdogo alisema. "Mfungue mfuko ulioshushwa leo. Ni vya duara. Vinaharibikia hapa."

"Lakini ile habari ya kuchagua mifuko haina haja ya kuingia kwenye ripoti. Picha yake iko pale mapokezi."

"Iingie. Usipoiandika, mtasema zamani ilikuwa inawezekana na sasa sisi ndio wavivu. Mlishaanza kusema."

Aliongea bila kupandisha sauti, kama anayesoma maandishi ya kwenye boksi. Mhandisi akaandika.

Kilichofuata kilikuwa rahisi mpaka kikaudhi. Vifuniko vilihamishiwa upande wa pili wa stoo, juu ya mbao, mifuko mitatu tu kwenda juu. Iliyokwisha kuharibika ilitolewa. Fundi alichomelea kijiti cha chuma ndani ya mfereji, kifuniko kisicho na duara kinaangukia kwenye ndoo kabla hakijafika kwenye chupa. Fomu mpya ilikuja, ina mistari mingi na visanduku vya kutia alama, na kila kusimama kukaandikwa, hata kwa sekunde tano. Kasi ikapandishwa kidogo kidogo, arobaini na nane, hamsini, hamsini na nne. Wiki ya sita walipima tena: asubuhi sabini na tisa kasoro kidogo, mchana sabini na saba. Meneja alikuja na soda, akapiga makofi, akataja "timu nzima". Dada Mdogo alikunywa soda yake. Ilikuwa vuguvugu.

Kobe alimfuata wakati wa kubadilishana zamu. Alikuwa ameisoma ripoti, ilibandikwa ubaoni.

"Kwa hiyo haikuwa mimi," alisema.

"Haikuwa wewe."

"Miaka kumi na mmoja, dada. Mpaka mke wangu alikuwa akiniuliza kwa nini siwezi kuongeza bidii. Nikafika mahali nikaamini kwamba nina kasoro." Akaitazama mashine. "Alikuwa akinisalimia vizuri. Akinikuta nimechoka, ananipa kiti chake. Sasa nikimfikiria sijui nifikirie nini."

"Na mimi sijui."

"Wewe ungeweza kuficha."

"Ningeweza."

Kobe akatikisa kichwa polepole, akaingia kazini.

Jumamosi hiyo Dada Mdogo alikuwa akikunja nguo na binti mkubwa wa marehemu, msichana wa miaka kumi na saba ambaye tangu ahamie alikuwa akijibu kwa neno moja moja. Akamweleza habari ya mifuko. Hakupanga kumweleza, yalimtoka tu, kwa sauti ile ile ya kusoma boksi.

Msichana aliacha kukunja.

"Kwa hiyo ndiko alikokuwa akienda?"

"Kila siku."

"Mama mdogo, sisi tulikuwa tunaamka hayupo. Shuleni wenzangu wanasukwa na mama zao asubuhi. Mimi nilidhani hapendi kukaa na sisi." Alishika shuka kwa mikono miwili. "Angesema basi. Si angesema tu? Ningekwenda kumsaidia kubeba."

Kisha akaanza kulia, kilio cha kelele cha mtoto mdogo, na mdogo wake akaja mbio kutoka nje kuona kuna nini, naye akaanza. Dada Mdogo akawavuta wote wawili. Walimlowesha mabega. Yeye macho yake yalikuwa makavu, akawa anahesabu pumzi zao bila kukusudia, mpaka zikatulia. Baadaye akachemsha chai, wakanywa, na msichana akamuuliza kama Jumatatu angeweza kumsuka. Akasema anajua mitindo miwili tu, tena ya zamani. Msichana akasema haidhuru.

Mwezi uliofuata walimtoa kwenye mashine, wakampa saa ya sekunde na ubao wa kuandikia, apime laini ya chupa ndogo. Opereta wa huko alimpokea kwa uso uliofungwa.

"Na mimi umekuja kuniandika?"

"Mashine," Dada Mdogo alisema, akavuta kiti. "Lakini kama kuna unachokifanya ambacho hakimo kwenye fomu, niambie sasa ungali hai."

Opereta alimkodolea macho, hajui acheke au achukie. Mwishowe akasogea, akamwonyesha chini ya mkanda unaobeba chupa, mahali ambapo kila asubuhi huwa anapachika kipande cha kadibodi kilichokunjwa mara tatu. Dada Mdogo akainama kwa shida, goti likalia, akakipima kwa rula, akaandika.